Mbele ya nyumba yako kuko nini?

Ndugu musomaji, kabla ya kuendelea, fanya jambo moja. Simama kwenye mulango ya nyumba yako na uangalie mbele, mupaka kwa barabara. Unaona nini? Wengi kati yetu tutajibu namna moja: udongo nyekundu yenye imefagiwa vizuri, kamba ya kuanika nguo, bidoni za maji, pengine muti moja ya maembe, na kuku wawili watatu. Wakati wa jua ni vumbi. Wakati wa mvua ni matope. Na katikati ya ile vumbi na ile matope, watoto wanacheza.

Mwezi huu ninataka tuzungumuze juu ya pahali pale. Ninajua wengine watasema: "Mama huyu anatuletea habari ya maua, na sisi tunatafuta unga." Pole, lakini soma mupaka mwisho. Kwa watu wa miji kama yetu, Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, Kipushi, kupanga mbele ya nyumba si mambo ya watajiri wenye kutaka kusifiwa na wapita njia. Ni mambo ya mikono ya mutoto, yenye inagusa chini halafu inaingia mu kinywa.

VUMBI YA HAPA SI VUMBI YA KIJIJI

Kambo yangu mwanamuke alikuwa anafagia kila asubuhi, hata kabla ya kuwasha moto. Mbele ya nyumba yake hukuona jani hata moja. Alikuwa na haki. Pahali palipofagiwa nyoka inaonekana mbali, nge inakosa pa kujificha, na moto ya pori haifiki kwa nyasi za paa. Mama zetu walikuja mujini na desturi ile, na mupaka leo mwanamuke mwenye lupango yake iko na majani watu wanamusema kuwa muvivu.

Lakini udongo ya kijiji ilikuwa udongo tu. Ya hapa imebeba kitu kingine. Shaba ya kwanza ilitoka mu tanuru ya Lubumbashi mu mwaka wa 1911, na kwa miaka mingi moshi ya tanuru ile ilianguka juu ya nyumba na mashamba. Wakati wa jua, upepo yetu inatoka zaidi upande wa kusini-mashariki. Njo maana moshi ilienda kuanguka upande wa kaskazini-magharibi, kule Penga Penga. Huko miti ilikauka, majani ikakataa, udongo ikabakia wazi, na watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walifanya majaribio mengi ili kurudisha majani. Hapa kwetu Kolwezi, mashimo makubwa ya madini iko karibu kabisa na nyumba za watu, na malori inapita mu barabara zetu muchana na usiku.

Mu 2009, walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza utafiti moja. Walipima mukojo ya watu wa Katanga. Waliona kwamba wale wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini, chini ya kilometa 3, walikuwa na kobalti na metali zingine nyingi mu mwili kupita watu wa mbali. Mu 2018 walitangaza utafiti ingine, juu ya mutaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, na huko watoto walikuwa na kobalti nyingi kupita wakubwa. Sababu yake kila mama anaijua bila kwenda shuleni. Mutoto anakaa chini. Anachora mu vumbi. Embe ikianguka anaipangusa kwa kaptula na anaikula. Na wamama wengine wakiwa na mimba wanatamani kula udongo, wengine wanaufundisha mutoto bila kujua.

Hatuwezi kuhamisha migodi, na wengi wetu tunakula kwa kazi ya migodi ile ile. Lakini zile metre 6 ao 8 mbele ya mulango, zile ziko mu mikono yetu.

KUCHIMBA AO KUPANDA?

Munakumbuka mambo ya Kasulo. Mu 2014 habari ilitembea mu muji muzima: watu wamepata kobalti chini ya lupango. Haikupita siku nyingi, watu walichimba nyuma ya nyumba, mbele ya nyumba, hata ndani ya chumba, na mashimo yakafunikwa na mabashi. Mu 2017 sehemu moja ya mutaa ilizungushiwa ukuta, na wenye kukaa pale walihamishwa. Pale palikuwa mbele ya nyumba ya watu, kama kwangu, kama kwako.

Wakati ule mudogo yangu alikuja kwangu, hata kiti hakukaa vizuri. Akaniambia:

"Yaya, weye unalala juu ya feza, na batoto banafukuzwa kwa masomo juu ya minervali. Tuchimbe hapa mbele. Metre kumi tu, tuone."

Neno lake lilikuwa zito, sababu lilikuwa la kweli. Mwaka ule watoto wetu wawili walirudishwa nyumbani kweli. Bwana yangu alinyamaza. Tulikaa siku mbili tukifanya hesabu. Tukichimba, pengine tutapata, pengine tutakosa. Lakini ukuta wa nyumba utapasuka, hilo ni hakika, sababu shimo inafwata madini, haifwate lupango. Madini yenye itatoka itaanikwa wapi? Mbele ya mulango, pale watoto wanakalia. Na siku madini itakwisha, shimo itabakia, na nyumba yenye tulijenga kwa miaka 11 itakuwa ya nani?

Tulimujibu: "Mudogo, hapa tutapanda." Alikasirika. Miezi miwili hakukuja kutusalimia. Mimi siwahukumu wale waliochimba. Njaa iko na sauti kubwa, na kila mutu anajua usiku wake. Ninawaeleza tu kile tulichagua, na kazi yenye ilifwata. Minervali tulilipa polepole, kwa kuuza mikate na kwa kuomba shule itungojee.

TULIANZA NA MAJI

Mutu akisema "nitapendezesha mbele ya nyumba," mara moja anatafuta maua. Sisi tulianza na maji, sababu maji ikipita vibaya inaharibu kila kitu utakachopanda.

Fanya hesabu pamoja nami. Paa ya nyumba ndogo iko na metre za mraba 40. Mvua moja ya nguvu ya milimetre 30 inaangusha juu ya paa ile litre 1 200, maana yake bidoni 60 za litre 20. Zote zinaanguka chini mara moja, kwenye musitari moja, pale paa inaishia. Njo maana kila nyumba yetu iko na mufereji chini ya paa, na udongo inatoka karibu na musingi mupaka matofali inaonekana meno. Na kwa mwaka Lubumbashi inapata zaidi ya metre moja ya mvua, karibu yote kati ya Novemba na Machi.

Kwa hiyo, kwanza: pahali maji ya paa inaangukia, weka mawe ao vipande vya matofali, upana wa nusu metre. Maji itavunjikia juu ya mawe na haitachimba tena. Vilevile unapata nafasi safi karibu na ukuta, yenye nyoka haipendi na muchwa inaonekana. Kambo yangu angekubali.

Pili: udongo ielekee barabara, isielekee nyumba. Kwa kila metre moja, ishuke sentimetre 2 ao 3. Hauna lazima ya fundi. Mwanga ndoo ya maji karibu na mulango na uifwate kwa macho. Pahali maji inasimama, pale njo pa kujaza. Maji ikisimama siku nyingi inazaa mbu, na mbu inaleta malaria. Kwa hiyo kazi hii peke yake inaweza kukuokolea feza ya dawa.

Lakini angalia ni udongo gani unaleta kwa kujaza. Kuko watu wanaochukua muchanga kwenye watu wanasafisha madini, sababu ni wa bure na unapendeza kwa rangi yake. Usiulete kwako. Ni kama kuleta mugodi nyumbani. Heri udongo ya kichuguu ya mbali na migodi, yenye mababu walijua kuwa inafaa kwa mashamba na kwa matofali.

FUNIKA UDONGO

Hapa njo moyo ya mambo. Udongo yenye imefunikwa haipeperuki, haipandi mu kitanda, haibaki mu vidole vya mutoto. Kitu cha kufunika kinaweza kuwa majani, ao mawe madogo, ao miti iliyopandwa karibu karibu. Pa wazi pabakie padogo.

Sisi tulichagua pasipalumu. Hatukuinunua. Kwenye uwanja wa shule walikuwa wanakata kando kando ya njia, na tukaomba vile vipande vyenye mizizi, tukajaza mifuko miwili. Mvua ya kwanza ya Novemba ilipolainisha udongo, tulilima chini kidogo tu, tukachanganya na mbolea ya takataka za jikoni, halafu tukapanda vipande, moja hapa, moja pale, umbali wa kiganja kimoja. Watoto walipima kwa mikono yao wenyewe. Bwana yangu alipita akacheka: "Mama, majani haiingie mu nyungu." Nikamujibu: "Ndiyo, baba, na vumbi nayo isiingie." Mwezi wa Machi hapakuonekana tena nyekundu isipokuwa njia.

Kazi ya kufagia haikuisha, ila imepungua. Pale pamebakia wazi tunanyunyiza kwanza maji yenye tumeoshea masahani, kisha tunafagia. Mutu akifagia pakavu, anainua vumbi na kuigawa kwa jirani.

Itafika kwamba upande moja majani inakataa. Unapanda, inakuwa manjano, inakufa. Unapanda tena, vilevile. Usiseme mara moja ni uchawi ao jirani. Pengine udongo pale iko na shaba nyingi. Katanga yetu iko na ua moja ndogo, rangi ya zambarau, watu wa masomo wanaita Haumaniastrum katangense. Inapenda pahali pa shaba, pahali mimea ingine inashindwa. Watafutaji wa madini waliifwata, na hata watu wa kutafuta mambo ya kale waliifwata wakapata pahali mababu walikuwa wanayeyusha shaba. Vilima vyetu vya shaba navyo havina miti juu, ni majani tu. Wazee walivitambua kwa mbali. Basi lupango yako nayo inasema. Usikilize.

Pahali pa namna ile, chokaa na mbolea nyingi inasaidia, sababu chokaa inafanya ile metali isiingie sana mu mizizi. Likasi kuko mawe ya chokaa kule Kakontwe, na mu masoko chokaa inapatikana. Mwanga wakati hakuna upepo, linda macho, watoto wakae mbali, na uchanganye na udongo. Ikishindikana, usipigane na udongo ile: ifunike na mawe madogo safi, ao jenga juu yake baraza ya kukaa. Kitu cha lazima ni kwamba mutoto asiiguse.

NJIA, NA PAHALI PA BOTE

Nyumba bila njia, kila mugeni anajitengenezea yake, na majani inakufa kila upande. Chunga siku mbili uone watu wanapita wapi kweli, halafu weka njia pale pale. Usiiweke pahali unapenda weye. Miguu ya watu haitakutii. Upana wa metre moja inatosha, watu wawili wapishane. Sisi tulitumia matofali yaliyovunjika, tuliyapanga na kuyagongea mu muchanga, bila simenti.

Pale njia inakutana na barabara, karibu na kilango, kuko kitu chenye mimi ninakisifu kupita maua yote. Ni kiti cha matofali, jiwe pana, misumari miwili kwa ukuta, na basini ya maji yenye kifuniko. Aliyekijenga ni mudogo yangu yule aliyekasirika. Alikuwa amepata kazi ya kuchimba mbali na hapa, na siku moja ya Mungu alikuja kutuona na bote zake za kazi. Mutoto wetu mudogo, yenye alikuwa anaanza kutembea, alikimbia akamushika magoti. Mudogo yangu alijiangalia miguu, akamuangalia mutoto, akarudi nyuma mupaka kwa barabara. Juma lililofwata alikuja na matofali mu burueti. "Yaya, hizi bote zisipite hapa," akasema. "Wala zangu, wala za mulamu."

Tangu siku ile, mutu akitoka kazini anavulia pale. Salopeti inabakia kwa musumari, bote kwa jiwe, mikono na uso kwa basini. Kisha anaingia. Baba unayesoma hii, hata kama hautapanda ua moja, fanya kile kiti. Vumbi ya mugodi haina miguu. Inaingia nyumbani kwa miguu yako, kwa nguo yako, na mu mikono yenye unamubebea mutoto.

UZIO, KIVULI NA MAUA

Kama nyumba yako inaangalia barabara ya malori, panda uzio ya miti upande ule, na vilevile upande wa kusini-mashariki kama pako wazi. Majani inakamata vumbi, na mvua inaiosha chini. Ibisikusi inafaa, na buganvile pia: unakata fimbo za urefu wa kiko cha mukono, unazichomeka mu udongo ya mvua ya Novemba, na nyingi zinashika. Fimbo unaomba kwa jirani. Sijaona bado jirani yenye kukatalia mutu fimbo ya ibisikusi.

Lakini si kila muti yenye kupendeza ni rafiki. Lorieroze iko na maua mazuri, na majani yake ni sumu. Ile miti yenye kutoa maziwa meupe, yenye watu wanapanda sana kwa uzio, maziwa yake ikiingia mu macho inaunguza vibaya. Pahali kuko watoto, chagua ingine.

Kwa kivuli, muti ya maembe ao ya avoka ni baraka, ila ipande mbali na ukuta, metre 6 ao kupita. Wakati ni fimbo tu, unaona kama umeacha nafasi ya bure. Kisha miaka 15 inakuwa kama nyumba nyingine, na upepo wa mvua za kwanza unaangusha matawi. Kama nafasi ni ndogo, papai inatosha, na inakupa matunda mbio. Muti muchanga inakufa zaidi wakati wa jua, kati ya Mei na Oktoba. Tunatoboa chupa ya plastiki kwa musumari, tunaizika nusu karibu na mizizi, na tunaijaza maji kila kisha siku mbili. Juu ya udongo tunafunika majani makavu ili jua isinywe yote.

Maua nayo ifwate. Siyasahau, sababu nyumba si dispansere. Kana inapenda pahali maji ya kunawia inapita. Zinia inatoka kwa mbegu na inastahimili jua. Na kama kwa barabara yenu kuko nafasi ya muti mukubwa, fikirini jakaranda. Ilitoka Amerika ya Kusini, lakini nani kati yetu, akiona Likasi ao Lubumbashi mu Septemba na Oktoba, barabara zikiwa na rangi ya buluu chini na juu, atasema ni mugeni?

Mupira ya motokari yenye watu wanapandia maua itobolewe chini mara nyingi. Bila vile unafuga mbu.

MBOGA ZIKAE WAPI?

Wamama wengi wanapanda lengalenga, matembele na ngaingai mbele kabisa, karibu na barabara, sababu pale jua iko na maji ya njiani inafika. Ninawaomba muzihamishe. Mboga za majani zinakamata vumbi, na zingine zinavuta metali kutoka udongo kupita vile matunda inafanya. Zipandeni nyuma ya nyumba, mu vitanda vya matofali vyenye kuinuka sentimetre 30, na udongo safi pamoja na mbolea. Na kabla ya kupika, ziosheni mu maji mara tatu: ya kwanza inatoa vumbi, ya pili inatoa yenye ilibakia, ya tatu ni kwa amani ya moyo. Mbele ya nyumba muachie majani, maua na kivuli.

FEZA ITATOKA WAPI?

Swali hilo ni la haki. Kwetu kazi ilichukua wakati wa mvua tatu. Mwaka wa kwanza maji na mawe. Mwaka wa pili majani na njia. Mwaka wa tatu uzio na miti. Feza tuliyotoa ni ya chokaa na ya mbegu za zinia. Ile ingine yote ilikuwa kuomba, kuokota na kutoka jasho. Mutu akitaka kufanya yote kwa mwezi moja, atahitaji feza nyingi, na mimea yake itakufa wakati wa jua.

Vijana, hapa kuko neno lenu. Muko na nguvu, na wakati mwingi muko na siku bila kazi. Anzisheni pepinyeri. Chukueni vile vifuko vya plastiki vyenye vinatupwa, vitoboleni chini, jazeni udongo na mbolea, pandeni mbegu za avoka, za papai, na fimbo za ibisikusi. Mukianza Juni ao Julai, na kumwangia na maji yenye imetumika jikoni, Novemba mutakuwa na miti ya kuuza kwa watu wenye wanangojea mvua. Si utajiri. Lakini ni feza yenye haikutoka mu shimo, na mama hatalala macho wazi akingojea kusikia kama shimo imefunga juu yenu.

Na watoto wadogo msiwaache pembeni. Kwetu kila mutoto alipewa muti yake. Wa kwanza alichukua papai, wa pili avoka, musichana alichukua musitari wa zinia. Hakuna mutu anayefagia juu ya zinia zile. Mutoto mwenye anachunga kitu kinachokua anajifunza kungojea, na hilo si somo rahisi mu muji kama huu, pahali kila mutu anangojea kupata kwa siku moja.

KALENDA FUPI

Juni na Julai: tayarisheni fimbo na pepinyeri, anzeni kukusanya takataka za jikoni mu shimo ndogo ya mbolea, mbali na mulango.

Agosti na Septemba: pangeni mawe chini ya paa, sawazisheni udongo, wekeni njia. Nyunyizeni maji wakati wa kazi, musikule vumbi.

Oktoba: mwangeni chokaa pahali majani inakatala, na mulime.

Novemba na Desemba: pandeni pasipalumu, uzio na miti.

Januari mupaka Machi: ng'oeni majani mabaya, jazeni nafasi wazi.

Aprili na kuendelea: funikeni mizizi na majani makavu, muchunge maji.

Ndugu musomaji, kama hata hii inaonekana kuwa nyingi, basi anza na metre moja ya mraba. Moja tu. Chagua ile pahali mutoto wako anapenda kukaa, ile yenye iko na alama ya vidole vyake. Uifunike kabla ya mvua ya kwanza. Mwaka utakaokuja, metre ile itakuwa imeomba rafiki.